Kununua, kujenga au kuingia ubia: njia tatu za kuvusha mtaji mpaka

Mwaka 2024 kampuni ya Holcim ya Uswisi iliuza viwanda vyake vya saruji vya Uganda na Kenya, na safari hii wanunuzi hawakutoka Ulaya wala China. Hima Cement ya Uganda ilikwenda kwa Sarrai Group, kampuni ya hukohuko Uganda, pamoja na mshirika wake. Bamburi Cement ya Kenya ilichukuliwa na Amsons Group ya Tanzania kwa shilingi 65 za Kenya kila hisa, mauzo yenye thamani ya takriban dola milioni 180. Mtanzania kununua kiwanda kikongwe cha Mombasa ni jambo ambalo miaka ishirini iliyopita wengi wasingelitarajia.

Kwa muda mrefu, ukizungumzia mtaji wa Kiafrika unaotoka nje ya nchi yake ulikuwa unazungumzia Afrika Kusini. Baada ya 1994 kampuni zake zilipanda kaskazini kwa kasi: MTN kwenye simu, Shoprite kwenye maduka, Standard Bank kwenye fedha. Baadhi zimebaki na kustawi, nyingine zimerudi nyuma. Shoprite iliuza maduka yake ya Tanzania mwaka 2014, ikajaribu Kenya mwaka 2018, na kufikia 2021 ilikuwa imeshafunga. Benki za Morocco na Nigeria zimepanuka, na sasa Nairobi na Dar es Salaam nazo zinapeleka mtaji nje.

Nawaandikia wenye kampuni za ukubwa wa kati wanaopiga hesabu za kuvuka mpaka, na pia wanahisa wadogo wanaosikia kampuni yao "inapanuka kikanda" na kutaka kujua kama washangilie au waulize maswali. Njia ni tatu: kununua kampuni iliyopo, kujenga yako kuanzia chini, au kuingia ubia. Watu wengi huanza kwa kuuliza nchi ipi ina soko kubwa. Mimi naona swali la kwanza liwe jingine: faida utakayoipata huko itarudi nyumbani kwa fedha gani, na kwa thamani gani? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua mengi kati ya haya yafuatayo.

Benki tatu, Kongo moja

Hakuna mahali pazuri pa kulinganisha njia hizi kama Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa sababu benki tatu kubwa za ukanda wetu zimeingia huko ndani ya miaka kumi, kila moja kwa namna yake.

Equity ya Kenya ilinunua kwa hatua. Mwaka 2015 ilichukua sehemu kubwa ya hisa za ProCredit Bank Congo, benki iliyokuwa chini ya kundi la ProCredit la Ujerumani. Haikuwa benki kubwa, lakini ilikuwa na leseni na wafanyakazi wanaojua namna ya kuishi na Benki Kuu ya Kongo. Equity ikakaa nayo, ikajifunza nchi. Mwaka 2020 ndipo ikanunua asilimia 66.5 ya BCDC, benki iliyoanzishwa mwaka 1909 enzi za Wabelgiji, kwa dola milioni 95. Bei waliyokuwa wameafikiana awali ilikuwa dola milioni 105. Uviko-19 ukaingia katikati, wakazungumza upya, bei ikashuka. Baadaye wakaziunganisha benki hizo mbili kuwa EquityBCDC. Leo Kongo ni moja ya nguzo za kundi zima, na sehemu kubwa ya faida ya Equity inatoka nje ya Kenya.

KCB ilingoja, kisha ikanunua kwa mkupuo. Desemba 2022 ilikamilisha ununuzi wa asilimia 85 ya Trust Merchant Bank, inayojulikana kama TMB, benki iliyozaliwa Lubumbashi mwaka 2004 na iliyokuwa na matawi zaidi ya mia moja. Kipengele ninachokipenda zaidi katika makubaliano hayo ni kile cha asilimia 15 iliyobaki. Wenye benki wa zamani waliendelea kuishikilia kwa miaka isiyopungua miwili. Muuzaji aliyebaki na kipande chake ndani ana sababu ya kukuambia ukweli kuhusu mikopo mibovu na wateja wakorofi. Aliyelipwa yote na kupanda ndege hana sababu hiyo.

CRDB ya Tanzania ikafanya tofauti kabisa. Haikununua benki ya mtu. Mwaka 2023 ilianzisha benki mpya Lubumbashi, ikashika asilimia 55 ya hisa, na zilizobaki zikashikwa na taasisi mbili za uwekezaji za serikali za Ulaya, Norfund ya Norway na IFU ya Denmark. Kwa hiyo ni kujenga na ubia kwa wakati mmoja.

Nani alichagua vizuri? Kwa upande wa amana, Equity na KCB ziko mbali sana. Ukinunua benki yenye matawi mia na wateja wa miaka mingi, siku ya kwanza tu una fedha za kukopesha. Benki mpya itazitafuta amana hizo mteja mmoja mmoja kwa miaka. Lakini aliyenunua amerithi pia kila mkopo uliotolewa kabla yake, kila kesi iliyoko mahakamani na kila mfanyakazi aliyeajiriwa kwa kujuana. CRDB haikurithi deni la mtu.

Ina pia kitu ambacho hesabu za ununuzi hazikionyeshi. Nenda Mtaa wa Kongo, Kariakoo, asubuhi yoyote ya siku ya kazi. Utamkuta mfanyabiashara wa Lubumbashi amesimama juu ya marobota ya nguo na viatu, kalamu sikioni, akibishana bei kwa Kiswahili cha Katanga kilichochanganyika na Kifaransa, na malipo yake ni dola taslimu. Mzigo wake utapita Tunduma, ukatize Zambia, kisha ungoje foleni Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo. Barabarani utapishana na malori yanayoshuka na shaba na kobalti kuelekea bandari ya Dar es Salaam. Mtu huyo alikuwa mteja wa benki za Tanzania kabla Tanzania haijapeleka benki kwao. Kuanzia Lubumbashi badala ya Kinshasa kulikuwa kumfuata mteja anayefahamika, kwenye njia inayofahamika.

Mapema 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, halafu Bukavu, miji ya mashariki ya Kongo, na benki za huko zikafunga milango. Mwenye mtandao wa nchi nzima ana matawi hata palipo na vita. Aliyeanzia Lubumbashi alikuwa zaidi ya kilomita elfu moja kusini ya mapigano. Simaanishi kwamba udogo ni bora. Namaanisha kwamba ukinunua mtandao mzima unanunua na jiografia yake yote, na bei ya ununuzi lazima iliakisi hilo.

Kwa nini muuzaji anaondoka?

Ununuzi mwingi wa ukanda huu una sura moja: mtu wa mbali anaondoka, wa jirani anaingia. ProCredit ilikuwa ya Wajerumani. Hisa nyingi za Banque Populaire du Rwanda ambazo KCB ilizichukua mwaka 2021 zilikuwa za Atlas Mara, kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa la London. Holcim ni ya Waswisi. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji si bei tu. Unamuuliza pia anaondoka kwa sababu gani, na ukishapewa jibu unalichunguza mwenyewe.

Kwa Holcim jibu linaonekana. Katika miaka hiyohiyo iliuza biashara zake za saruji India na Brazil, masoko makubwa kuliko yote ya Afrika Mashariki yakijumlishwa. Ilikuwa inajiondoa kwenye saruji ya nchi zinazoendelea ili kuelekeza nguvu Ulaya na Amerika Kaskazini na kupunguza mzigo wake wa kaboni. Sababu ya kuuza ilikuwa kwa muuzaji, haikuwa kiwandani. Bamburi ina machimbo yake ya chokaa, ina kiwanda cha klinka (malighafi iliyochomwa ambayo husagwa kuwa saruji) karibu na bahari, na jina ambalo mafundi wa Kenya wamelitamka tangu miaka ya 1950. Leseni za machimbo ya namna hiyo huzipati leo kwa kuandika barua. Amsons nayo haikuwa ngeni kwenye saruji, maana ilikuwa imeshachukua Mbeya Cement kutoka kwa Holcim huyohuyo. Ndiyo maana hata Savannah Clinker ya Kenya ilijitokeza kushindana, ikapandisha bei hadi shilingi 76.55 kwa hisa kabla ya kujiondoa. Kitu kikigombaniwa hivyo, walau unajua si wewe pekee unayekiona kina thamani.

Sasa tazama Shoprite ikiuza Tanzania mwaka 2014. Mnunuzi alikuwa Nakumatt wa Kenya, wakati huo mfalme wa maduka makubwa ya ukanda huu, mwenye matawi Uganda na Rwanda pia. Alichonunua ni nini hasa? Mikataba ya pango, rafu, majokofu na wafanyakazi. Jina la Shoprite halikubaki. Wateja wa duka hawana amana inayowafunga. Kesho wakikosa sukari rafuni wanahamia duka la jirani. Na upanuzi wa Nakumatt uliegemea mikopo ya muda mfupi na bidhaa za wasambazaji ambazo hazijalipiwa. Wasambazaji walipoacha kuleta mali, rafu zikabaki tupu Nairobi na Kampala vilevile. Madeni yalizidi shilingi bilioni 30 za Kenya, na Januari 2020 wadai wakapiga kura kampuni ifilisiwe. Uchumi, duka jingine la Kenya, lilikuwa limeshafunga matawi yake ya Uganda na Tanzania mwezi Oktoba 2015, likaacha nyuma wafanyakazi na wasambazaji wanaodai. Waliolipia upanuzi ule hawakuwa wakubwa wa kampuni. Walikuwa watu waliopeleka maziwa, mboga na mikate kwa ahadi ya kulipwa baada ya siku 60 au 90, na mpaka leo nikisoma habari za upanuzi wa haraka ninawafikiria wao kwanza.

Viwanda vya saruji na maduka vyote viliuzwa na mgeni anayeondoka. Tofauti ni hii: kwenye saruji mnunuzi alipata kitu ambacho asingeweza kukitengeneza mwenyewe hata akiwa na fedha. Kwenye maduka alipata kitu ambacho yeyote mwenye fedha angekitengeneza ndani ya miezi michache. Kwa kitu cha aina hii ya pili, kulipia bei ya ununuzi ni kupoteza mtaji.

Hesabu pia muda. Ununuzi mkubwa hupita kwa wasimamizi wa ushindani, na hao hawana haraka yako. Kampuni ya Scancem ilitangaza mwaka 2021 kwamba inanunua hisa nyingi za Tanga Cement. Mwaka 2022 Baraza la Ushindani la Tanzania likazuia, mvutano ukaendelea, na mauzo yakakamilika mwishoni mwa 2023. Mwaka uliofuata hisa hizohizo zikauzwa kwa Amsons. Kampuni ya kati isiyo na akiba ya kusubiri miaka miwili huku ikilipa mawakili, isianze safari hiyo.

Kujenga kuanzia chini

Mfano ninaourudia kila nikiulizwa ni wa Bakhresa. Unga wa Azam ulijulikana nje ya Tanzania kupitia wafanyabiashara wa mipakani, na kundi hilo likajenga uwepo wake nje, leo likiwa na vinu Uganda, Rwanda, Burundi, Malawi na Msumbiji. Uzuri wa njia hii ni kwamba soko linakuambia lini ujenge. Unaanza na msambazaji, unaangalia anauza magunia mangapi, na siku nauli ya kuvusha unga inapozidi gharama ya kuusaga hukohuko, kinu kinajilipia. Hata hao hawakujifunga na njia moja. Malawi waliingia kwa kuchukua kampuni ya kusaga nafaka iliyokuwa ya serikali.

Ubaya wake ni kwamba inakula miaka. Ardhi, umeme, vibali vya mazingira, ajira za wageni, vyote utavihangaikia mwenyewe katika ofisi usizozijua.

Kujenga kwa haraka na kwa ukubwa ni habari nyingine kabisa, na Safaricom nchini Ethiopia ndiyo mfano. Mwaka 2021 kundi la wawekezaji likiongozwa na Safaricom, pamoja na Vodacom, Sumitomo ya Japani na taasisi ya uwekezaji ya serikali ya Uingereza, lilipata leseni kwa dola milioni 850. Hapakuwa na cha kununua, kwa sababu mawasiliano yote yalikuwa ya shirika la serikali. Huduma zilizinduliwa Oktoba 2022, na M-PESA ikafuata mwaka 2023. Nchi ina watu zaidi ya milioni 100, na wateja wamekuja kwa mamilioni. Hadi hapo kila kitu kilikwenda kama mpango. Kisha ikaja sarafu.

Faida inaporudi nyumbani

Mwisho wa Julai 2024 Ethiopia iliacha birr itafute bei yake sokoni. Kutoka birr takriban 57 kwa dola, ndani ya wiki chache ilivuka 100. Minara ilinunuliwa kwa dola, leseni ililipwa kwa dola, lakini mteja wa Addis Ababa analipa vocha kwa birr. Mapato yaleyale, yakibadilishwa, yalirudi karibu nusu.

Sudan Kusini ilitoa somo hilo mapema zaidi. KCB iliingia huko mwaka 2006 na Equity mwaka 2009, na kwa miaka kadhaa Juba ilikuwa mahali pa faida nono. Desemba 2015 serikali iliachia pauni, ikashuka kutoka takriban 2.96 kwa dola hadi karibu 18.5. Piga hesabu ya mfano: kampuni tanzu iliyopata faida ya pauni milioni 30 ingeripoti kama dola milioni 10 na zaidi kidogo mwezi Novemba. Mwezi mmoja baadaye, faida hiyohiyo, kutoka kwa wateja walewale, ni dola milioni 1.6. Wafanyakazi hawakukosea na mikopo haikuharibika. Ukisoma taarifa ya mwaka ya kampuni yenye matawi nje, usiishie kwenye ukurasa wa faida. Fungua maelezo ya hesabu, tafuta mstari wa tofauti za kubadilisha fedha. Mara nyingi kisa chote kiko pale, kwa herufi ndogo.

Hapo ndipo Kongo inapoeleweka. Amana nyingi za benki za Kongo ni za dola, mikopo ni ya dola, hata pango la nyumba Lubumbashi au Kinshasa hutajwa kwa dola. Mwekezaji anabeba hatari ya vita, ya barabara, ya mahakama, lakini hatari ya sarafu ni ndogo kuliko Juba au Addis Ababa. Benki zetu kukimbilia huko licha ya yote yanayosikika redioni hakukuwa ujasiri wa kijinga.

Burundi iko upande wa pili: fedha za kigeni ni adimu, na bei ya mtaani huachana sana na bei rasmi. Unaweza kupata faida nzuri kwa faranga na ukakaa nayo miaka bila kupata dola za kuirudisha. Uganda na Kenya zina nafuu hapo, maana Kenya ilifuta sheria ya udhibiti wa fedha za kigeni mwaka 1995 na Uganda ikafungua mwaka 1997. Tanzania imelegeza kwa hatua, ikianza na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2014, na Benki Kuu bado ina kauli juu ya mtaji unaotoka. Halafu kuna kodi. Nchi za Jumuiya hiyo zilitia saini mwaka 2010 mkataba wa kuzuia faida moja isitozwe kodi mara mbili, lakini haujaanza kutumika. Kodi ya zuio, ile inayokatwa kwenye gawio kabla halijakufikia, ihesabu tangu mwanzo, usiisikie kwa mara ya kwanza kwa mhasibu baada ya kuwekeza.

Mdogo na mlango wa serikali

Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo uwakala wa fedha kwa simu, saluni, kutengeneza simu, kuongoza watalii na biashara nyingi za rejareja. Kenya ililalamika, ikitaja soko la pamoja lililoanza 2010. Sina nia ya kuamua nani yuko sahihi. Kwa anayechagua njia, ujumbe ni mmoja: aliyenunua kiwanda kizima hakuguswa, mwenye duka la vifaa vya simu aliguswa. Kadiri biashara yako inavyofanana na ile ambayo kijana wa hapo anaweza kuifungua mwenyewe, ndivyo ulinzi wako wa kisheria ulivyo mwembamba.

Ningechagua nini

Kama unatengeneza bidhaa inayoliwa au kuisha haraka, mfano unga, sabuni, mafuta ya kula au maji, jenga, lakini uuze kwanza kupitia msambazaji. Usinunue kiwanda cha mtu ila kina kitu ambacho fedha peke yake haikiumbi: machimbo, maji, njia ya reli, jina linalopendwa.

Kama biashara yako inahitaji leseni adimu na imani ya watu, yaani benki au bima, kununua kunakuokolea miaka. Fanya kama Equity, anza na ndogo ujifunze, au kama KCB, muache muuzaji abaki na kipande. Kama mtaji hautoshi kununua, njia ya CRDB ya kuanza mji mmoja na wabia wenye mifuko mirefu ni halali kabisa, ila waambie wanahisa mapema kwamba gawio la huko litachelewa.

Kama ni duka, mgahawa au huduma ya rejareja, ningekwenda na mbia mwenyeji au nisiende kabisa. Mbia achunguzwe kuliko hata soko: anadaiwa na nani, kesi zake mahakamani ni zipi, alimaliza vipi na mbia aliyepita.

Kwa upande wa nchi, kampuni ya Kenya au Tanzania inayovuka kwa mara ya kwanza ningeipeleka Uganda au Rwanda, kwa sababu soko likikukatalia unaweza kutoka bila kuvunjika. Kongo iwe ya pili, kuanzia mji ambao wateja wako wanatoka. Ethiopia niwaachie wenye uwezo wa kukaa miaka kumi bila kuhitaji gawio.

Na katika mkataba wowote wa ubia, kipengele cha kuandika mapema kabisa, wakati nyote bado mnacheka pamoja, ni cha kutoka: nani atanunua hisa za nani, kwa hesabu ipi, kwa sarafu ipi, na mgogoro utasikilizwa mji gani. Kikiachwa kwa ajili ya baadaye, kitaandikwa na mawakili wa upande wenye hasira zaidi.